Hodi kwa Ruta ya Mama

Mama yangu ana saiba Webuye. Kompyuta sita, printa mbili, mashine ya kulaminisha na benchi la mbao hapo nje la wanaongoja. Juni ndiyo mavuno yake. KRA inafunga ritani tarehe 30, na vile Wakenya tulivyo, ni wiki ya mwisho ndio tunakumbuka tuko na PIN.

Juni moja net ikaanza kumpotea. Si siku nzima. Dakika tatu, nne, mchana mchana, halafu inarudi kama hakuna kilichotokea. Lakini dakika nne ni nyingi kwa mtu ambaye fomu yake imekwama kwenye ukurasa wa mwisho. Anaamka, anavuka barabara, anaingia saiba ya jirani. Mama akipigia kampuni ya mtandao anaambiwa laini iko sawa, huko kwao kila kitu ni kijani. Akinipigia mimi huku Umoja, maneno ni mengine: "Hii kitu imeniangusha tena. Si wewe ndiye ulisomea hii maneno? Niambie nani ananidanganya."

Swali zuri. Mama anasema imekatika, kampuni inasema haijakatika, na shahidi hakuna. Nikaamua kuwa shahidi. Ruta yake ilikuwa na anwani ya IP ya kudumu, ambayo fundi wa kamera alikuwa amemshauri ailipie, kwa hivyo nilijua mlango uko wapi. Nikakaa kwa laptopu, nikabisha hodi kwa ping. Kimya. Nikabisha tena. Kimya. Na wakati huo huo Mama yuko WhatsApp kupitia ruta hiyo hiyo, ananiuliza nimefika wapi.

Ruta ilikuwa hai. Ilikuwa tu imefundishwa kutoitikia. Nilianza kutafuta kanuni ya kuifungua mdomo, nikaishia kusoma historia ya jinsi ulivyofungwa.

*

Hodi yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wetu. Septemba 1981, Jon Postel alichapisha waraka unaoitwa RFC 792. Unaeleza ICMP, itifaki ambayo mitambo ya mtandao hutumia kuambiana hali zao: njia imefungwa, paketi imezunguka mno, mwenyeji hapatikani. Ndani yake kuna jozi moja rahisi sana. Aina namba 8 ni mwito, aina namba 0 ni mwitikio. Ukipokea 8, rudisha 0 pamoja na kile ulichotumiwa. Ni hodi na karibu, ila kwa namba.

Desemba 1983, Mike Muuss alikuwa akifanya kazi Ballistic Research Laboratory, maabara ya jeshi la Marekani, na mtandao wao ulikuwa unamsumbua. Jioni moja akaandika programu ndogo ya kutumia jozi hiyo kupima: natuma hodi, nahesabu muda mpaka jibu lirudi. Akaiita ping kwa ajili ya mlio wa sonari, ule ambao nyambizi hutuma majini kisha husikiliza mwangwi. Muuss alifariki mwaka wa 2000 kwa ajali ya barabarani. Programu yake iko karibu kwa kila kompyuta utakayogusa leo.

Wakati huo kuitikia ilikuwa adabu. Oktoba 1989, RFC 1122 ikaifanya sharti: kila kompyuta iliyo kwenye intaneti iwe na uwezo wa kujibu hodi. Hakuna aliyeuliza nani anabisha. Mtandao ulikuwa kijiji, na kijijini hauulizi kitambulisho kabla ya kusema karibu.

Sisi huku Kenya tulikuja kuijua ping kama kipimo cha umbali. Miaka ya mwisho ya 1990, kama ofisi mbili za Nairobi zilikuwa na kampuni tofauti za intaneti, paketi kutoka moja kwenda nyingine haikuvuka tu barabara. Ilipaa hadi setilaiti, takriban kilomita 36,000 juu, ikashuka ng'ambo, ikabadilishwa mikono, ikapaa tena, ikashuka Nairobi. Jibu nalo likafanya safari hiyo hiyo. Piga hesabu ya mwendo wa mwanga peke yake: karibu sekunde nzima imeisha angani, kabla hujahesabu foleni yoyote. Ndiyo maana kampuni za hapa zilianzisha KIXP, kituo cha kubadilishania trafiki papa hapa nyumbani, Novemba 2000. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika, na mamlaka ya mawasiliano ikakifunga mwezi uliofuata. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Mwaka wa 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zikafika Mombasa na setilaiti ikawekwa kando kwa kazi nyingi. Kila hatua, kipimo kilikuwa kile kile cha Muuss: bisha, hesabu, linganisha. Hodi ilikuwa shahidi.

*

Sasa kijiji kilianza lini kufunga milango? Wengi huanza hesabu tarehe 2 Novemba 1988. Robert Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia programu iliyojinakili yenyewe kutoka kompyuta hadi kompyuta. Makadirio yanayorudiwa sana ni mashine 6,000, kama sehemu moja kwa kumi ya intaneti yote ya siku hizo. Mwaka uliofuata Jeffrey Mogul wa kampuni ya DEC akachapisha maelezo ya kichujio cha paketi: mlangoni kunakaa orodha ya kanuni, kila paketi inayofika inapimwa kwa orodha hiyo, inapita au inatupwa. Huo ndio uti wa mgongo wa kila fayawoli tunayoijua, hata ile ya ruta ya elfu tatu.

Bell Labs kulikuwa na Bill Cheswick, aliyekuwa akilinda lango la kampuni ya AT&T. Ndiye aliyefananisha mtandao wenye ukuta na peremende: gumu nje, laini ndani. Januari 1991 mtu alijaribu kuiba faili la maneno ya siri kupitia lango lake. Cheswick hakumfungia. Alimpa faili bandia, akamjengea chumba cha kuigiza ndani ya mashine, na kwa miezi kadhaa akamwangalia akihangaika humo. Ukiisoma hadithi hiyo unaona kitu ambacho sisi mafundi wa leo tunasahau: ukuta wa Cheswick ulikuwa na macho. Kazi yake haikuwa kufunga tu. Ilikuwa pia kujua nani yuko mlangoni na anataka nini.

Kilichoifunga mdomo hodi ni vitimbi vya miaka ya mwisho ya 1990. Kwanza likaja shambulio la paketi ya ping iliyopita ukubwa unaoruhusiwa, ambayo iliziangusha kompyuta nyingi ilipofika. Halafu likaja Smurf. Mshambulizi anatuma hodi moja kwa mtandao mzima, lakini anaandika kwamba anayebisha ni wewe. Mashine zote za mtandao huo zinaitikia kwa adabu, na majibu yote yanakumwagikia wewe. Yaani adabu yenyewe ndiyo ikawa silaha. Agosti 1999, RFC 2644 ikabadilisha kanuni ili ruta zisipeleke hodi za namna hiyo bila kuambiwa. Tatizo lilirekebishwa. Hofu haikurekebishwa. Mafundi wengi walikuwa wameshazoea kufunga ICMP yote, na tabia hiyo ikarithiwa na waliokuja nyuma yao, mpaka ikafika kwa aliyefunga ruta ya Mama.

Na kufunga yote kuna gharama. ICMP hiyo hiyo ndiyo inabeba ujumbe wa "paketi yako ni kubwa mno kwa njia hii, ipunguze", na tangu 1990 kompyuta zinaitegemea kujua ukubwa wa paketi za kutuma. Ukiizima kabisa, unapata ule ugonjwa wa ajabu: tovuti inaanza kufunguka, halafu inaganda nusu. Unalaumu net, kumbe umemziba mjumbe mdomo.

*

Nilijua haya yote, au nilidhani najua. Usiku wa tarehe 27 nikaingia kwenye ruta kupitia kompyuta ya kaunta, Mama akinisomea namba kwa simu. Nikaandika kanuni tatu. Ruhusu hodi. Ruhusu SNMP. Ruhusu ukurasa wa kusimamia ruta, ili kesho nisimsumbue Mama.

SNMP ni jamaa mwingine wa zamani, wa mwaka 1988. Kama ping inauliza "uko?", SNMP inauliza "uko aje?": umewaka kwa muda gani, baiti ngapi zimepita, laini gani iko juu. Mwaka wa 1995 Tobias Oetiker, akiwa De Montfort University huko Uingereza, aliandika programu inayouliza maswali hayo kila dakika tano na kuchora grafu, MRTG, kwa sababu chuo kizima kilikuwa kinagawana laini ya kilobiti 64 na yeye alitaka kujua inatumikaje. Laini nyembamba, watu wengi, malalamiko mengi. Nilijisikia nyumbani.

Kosa langu lilikuwa kwenye sehemu moja ya kanuni: anatoka wapi. Sikuijaza. Na fayawoli ikiachiwa nafasi hiyo wazi inaelewa kitu kimoja, yeyote, kutoka popote.

Asubuhi nikafungua logi. Kulikuwa na watu mlangoni. Si watu, ni mashine: anwani nisizozijua zikijaribu admin na admin, root na 12345, moja baada ya nyingine, kwa subira ya ajabu. Hizi ni tabia ambazo dunia ilizijua vizuri mwaka wa 2016, Mirai ilipozunguka intaneti na orodha ya majina na maneno ya siri ya kiwandani yasiyofika mia moja, ikateka kamera na ruta ambazo wenyewe hawakuwahi kubadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliigonga kampuni ya Dyn, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa saa kadhaa sehemu nyingi za Marekani. Vitu vidogo vya dukani na sebuleni, kama vile vya Mama.

Nikashtuka. Na mtu aliyeshtuka ni fundi mbaya. Nikaandika kanuni ya nne: tupa kila kitu kinachoingia kwa ruta. Nikaiweka juu kabisa ya orodha. Nikabonyeza.

Skrini yangu ikaganda. Baada ya dakika mbili simu ikaita.

"Sasa imekufa kabisa."

Hapa ndipo mpangilio unapouma. Ruta nyingi ndogo ndani ni Linux, na tangu toleo la 2.4 la Januari 2001 Linux ina orodha tatu tofauti: ya paketi zinazoingia kwa ruta yenyewe, ya zinazopita tu, na ya zinazotoka. Mimi nilifunga ya kwanza nikidhani "kinachoingia" maana yake "kinachotoka nje". Hapana. Kompyuta za wateja zikiuliza jina la tovuti, zinaiuliza ruta, na swali hilo ni paketi inayoingia kwa ruta. Nikawa nimeitupa. Laini ilikuwa hai, njia ilikuwa wazi, lakini hakuna aliyeweza kupata anwani ya KRA. Na kwa kuwa orodha inasomwa kutoka juu kwenda chini, na kanuni ya kwanza kulingana ndiyo inaamua, zile ruhusa zangu tatu hapo chini hazikuwahi kusomwa. Hata Mama akiwa kaunta, mita mbili kutoka kwa ruta, hakuweza kuingia. Angeweza kubonyeza kitufe cha kuirudisha kiwandani, lakini hiyo ingefuta akaunti ya laini, na karatasi ya akaunti ilikuwa kwangu, Nairobi.

Tarehe 28 Juni. Foleni hadi nje. Mimi, mtoto aliyesomeshwa na saiba hiyo hiyo, ndiye niliyeizima.

Jioni hiyo nilipanda basi.

*

Nilifika alfajiri. Mama hakunigombeza, alinipa chai, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Nikairudisha ruta kiwandani, nikaweka akaunti ya laini, nikabadilisha neno la siri, halafu nikaandika kanuni upya, polepole, juu ya karatasi kwanza.

Ya kwanza: mazungumzo yaliyoanzishwa na watu wa ndani yaendelee, pamoja na habari za ICMP zinazoyahusu. Uwezo huu wa fayawoli kukumbuka nani alianza kuongea na nani, kampuni ya Check Point ilikuwa inauuza tangu 1994. Leo uko kwa ruta ya bei ya viatu. Ya pili: kompyuta za saiba ziruhusiwe kuzungumza na ruta. Ya tatu: hodi iitikiwe, ikiwa tu inatoka kwa seva yangu moja ndogo ninayoikodi, yenye anwani isiyobadilika, na si zaidi ya hodi chache kwa sekunde. Ya nne: SNMP, poti 161, kutoka kwa seva hiyo hiyo tu, kusoma bila kubadilisha. Ya tano, na ya mwisho: kingine chochote kutoka nje, tupa. Ukurasa wa kusimamia ruta haufunguki kutoka nje kabisa. Kamera nazo nikazitolea njia ya wazi zilizokuwa nayo.

Kanuni ya nne ilihitaji kitu zaidi. Smurf ilitufundisha kwamba anwani ya mbishaji inaweza kughushiwa, na SNMP ya kwanza ilikuwa na ufunguo mmoja, mara nyingi neno "public", unaosafiri uchi kwenye waya. Toleo la tatu, lililokamilishwa kama kiwango mwaka 2002, linathibitisha anayeuliza na kuficha majibu. Nikatumia hilo.

Ukizitazama kanuni hizo tano unaona njia yote ya miaka thelathini na kitu. Kijiji kilichojibu kila mtu. Mji ulioogopa ukanyamaza. Halafu mlango unaosikia hodi nyingi lakini unaitikia sauti unayoijua. Tulipofundishwa kazi hii tuliambiwa kufunga ndio usalama. Lakini nyumba isiyomjibu yeyote haina shahidi siku ya kisa, na nyumba inayomjibu kila mtu haikawii kupata wageni. Kazi yote iko kwenye ile sehemu niliyoiacha wazi: anatoka wapi, na anaruhusiwa kujua nini.

*

Tarehe 29, saa nane na dakika arobaini mchana, hodi ya seva yangu ikakosa jibu. Nilikuwa nimekaa kwa benchi nje, simu mkononi. Moja, mbili, tatu, kimya. Ndani wateja wakaanza kulalama. Dakika tatu baadaye jibu likarudi, na SNMP ikajibu lile swali la umewaka kwa muda gani: chini ya dakika mbili.

Nikaisoma mara mbili. Laini haikukatika. Ruta ilikuwa imezimika na kuwaka upya.

Kompyuta za Mama ziko kwa UPS. Ruta iko juu karibu na dari, imechomekwa moja kwa moja ukutani. Na nyumba ya pili kuna fundi wa kuchomelea milango, ambaye mchana ndio anaanza kazi nzito. Akigusa chuma, stima inalegea kidogo. Taa zinapepesa, lakini Webuye taa kupepesa si habari. Kompyuta zinashikiliwa na UPS. Ruta inaanguka.

Kwa hivyo Mama hakudanganya, na kampuni pia haikudanganya. Tulinunua waya ya ekstensheni, tukaivuta ruta mpaka kwa UPS. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yote. Tarehe 30 net haikupotea hata mara moja, na foleni iliendelea hadi saa nne usiku.

Tukifunga, Mama akaniuliza, akiitazama ruta kama mtu anayeshuku mgeni: "Sasa wewe ukiwa Nairobi unaniona?"

"Naona ruta tu, Mama. Kama imewaka, na kama net inapita."

"Na wale wengine waliokuwa wanabisha?"

"Bado wanabisha."

"Wanajibiwa?"

"Hapana."

Akafikiria kidogo, akafunga kufuli ya pili. "Basi ni sawa," akasema.